Barua ilitaka twiga: kisa cha mfinyanzi wa Malindi alieenda rezidensi Jingdezhen

Mwenyewe amenikubalia niandike ila jina lake nisitaje, na kituo kilichomualika pia sikitaji, kwa hivo tutamuita mfinyanzi wetu bas. Kisa chenyewe ni hiki: dada wa Malindi alipata rezidensi, yaani mwaliko wa msanii kwenda kukaa na kufanya kazi kwenye kituo, ya miezi mitatu Uchina, mji wa Jingdezhen, akaenda na mpango uliopitishwa na jopo, kufika kule mpango ukakwama, akafanya kazi nyengine kabisa ambayo mimi naona ndo kazi bora amewahi kufanya, na mwisho wa miezi mitatu akaambiwa hakutimiza alichoahidi. Sehemu ya mwisho ya posho ikashikwa. Sasa hapa mtaani watu wamegawanyika, wako wanaosema alikosea, wako wanaosema alionewa, na mimi nataka tulipitie polepole manake najua wako wengine Malindi na Lamu wako na fomu mkononi saa hizi.

Kwao ni Ganda, nyuma ya mji. Mamake ni mfinyanzi na nyanyake alikuwa mfinyanzi. Wanafinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, na zaidi vyetezo vya udi na ubani, hivo ndo vinavyotoka haraka hasa zikikaribia harusi na Idi. Udongo wanachota kando ya Sabaki, mto huo huo unaogeuza bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa mvua zikinyesha bara. Kila kitu wanafanya wenyewe, kuchimba wao, kutwanga wao, kuchekecha wao, wanapandisha chombo kwa kamba za udongo bila gurudumu, wanalainisha kwa kombe la baharini halafu wanachoma hapo hapo nje kwa kuni, vifuu na makumbi. Moto wa hivo mara nyingi haufiki hata digrii 900, na udongo wa Sabaki kwa sababu una chuma kingi unatosheka na moto huo, unatoka mwekundu mzuri. Yeye binti amepita hapo kidogo, alifanya kozi fupi Nairobi akajua gurudumu na joko (tanuri la kuchomea vyombo) la umeme, na anauza vikombe kwa hoteli za Watamu. Lakini ukitaka kuona mkono wake kweli mpe kamba ya udongo na kibao cha kupigia, utanyamaza.

Sasa Jingdezhen. Ni mji ulioko mkoa wa Jiangxi, jina lake la sasa ulipewa 1004 kwa enzi ya mfalme aliekuwa anatawala, na kwa karne nyingi ndo uliotengeneza zile kaure, vyombo vya udongo mweupe mgumu, za samawati na nyeupe zilizokuja hadi huku kwetu kwa majahazi. Ukienda makavazi ya Gedi utaziona. Ukienda Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Kule Lamu wazee walikuwa wanapanga sahani hizo kwenye zidaka za nyumba za mawe. Halafu kuna twiga. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina, na mwaka 2010 waakiolojia wa Kenya na wa Uchina wakichimba Mambrui waliokota sarafu ya enzi ya huyo huyo Yongle. Hii historia ni ya kweli na ni yetu, mimi naipenda sana, na hakuna ubaya msanii wa Malindi kuichukua.

Shida ilianzia kwenye namna ilivochukuliwa. Mpango wake wa kwanza alioandika mwenyewe kwa Kiswahili, mimi niliusoma, ulikuwa unasema anataka kujua kama njia ya mamake ya kufinyanga kwa kamba inaweza kutumika kwa udongo mweupe wa kaure. Bas. Mistari michache. Akampelekea mtu anaesaidia wasanii kuandika hizi fomu, mtu mzuri na alimsaidia bila kumlipisha, akamwambia hii haitashinda, jopo linataka hadithi, weka twiga, weka Yongle, weka urafiki wa kale. Ikarudi mpango wa kurasa kadhaa: seti ya bakuli kumi na mbili za samawati na nyeupe, kila bakuli na mchoro, twiga, kaburi la nguzo, jahazi, mnazi, na mwisho maonyesho yenye kichwa cha habari kuhusu bahari. Ikashinda. Mara moja. Na hapo ndo unaona ugumu wake, manake yule msaidizi alisema kweli, bila twiga pengine asingekwenda kabisa.

Lakini dada huyu hajawahi kuchora kwa brashi maishani mwake. Mapambo yake yote ni ya kuchora kwa ncha ya kombe na kugandamiza kidole.

Kabla ya safari kulikuwa na mambo mawili ambayo nayataja sababu yatawapata wengine. La kwanza alitaka kubeba vigae vya kaure ya zamani, vile vinavyookotwa ufuoni na kwenye magofu, akaonyeshe kule. Bahati nzuri aliuliza. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu chochote kinachobebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na huwezi kukitoa nje bila kibali, hata kiwe kipande kidogo kama kucha. Akaacha, akachukua picha na vipimo. La pili alishafunga mfuko wa udongo wa Sabaki kwenye begi. Udongo mbichi uko kwenye orodha ya vitu Uchina hairuhusu abiria kuingia navyo, sababu ya wadudu na magonjwa ya mimea, na nchi nyingi ziko hivo hivo. Akautoa. Mamake akampa badala yake chungu chake kimoja kilichopasuka, akakivunjavunja akakifunga kwa kanga kuukuu, akamwambia kilichochomwa si udongo tena, ni chombo, nenda nacho. Wakati ule ilionekana kama zawadi tu ya mzazi.

Viza ilikuwa ya F, ile ya ziara na mabadilishano, ilimpeleka Nairobi zaidi ya mara moja lakini ikatoka.

Kufika kule kitu cha kwanza kilichomchanganya ni kwamba hakuna mtu anaefanya chombo mwanzo hadi mwisho. Wenyewe waliandika tangu 1637 kwamba kikombe kimoja kinapita mikono 72 kabla hakijaisha. Mpaka leo yuko wa kuzungusha gurudumu tu, yuko wa kuchonga kitako tu, wa kuchora, wa kumwagia glezi, ile ngozi ya kioo juu ya chombo, na yuko anaebeba vyombo vibichi juu ya ubao mrefu begani akipita navyo barabarani hadi kwenye majoko ya umma ambapo unalipia nafasi. Fundi wanamuita shifu, na kila shifu anajua kitu kimoja kwa kina ambacho huku hatujawahi kukiona. Msanii wa nje anatarajiwa aje na wazo, halafu azunguke kwa mafundi. Kwa mtu aliezoea kuchimba udongo wake mwenyewe hili ni gumu, unajiona kama mgeni kwenye kazi yako.

Alianza na bakuli za mpango, alijaribu kwa moyo. Kule glezi wanapaka juu ya chombo kibichi na kuchoma mara moja, na mchoro unachorwa kabla, kwenye udongo mkavu usiochomwa. Brashi ikigusa tu rangi imenywewa, hufuti, hurudii, na rangi yenyewe wakati wa kuchora ni kijivu kijivu, samawati inakuja motoni. Mtu anajifunza hivo miaka. Yeye alikuwa na wiki. Kituo kikamwambia ni rahisi, mlipe mchoraji. Akalipa kwa bakuli chache za mwanzo, na yule mchoraji alikuwa hodari kweli, lakini twiga akatoka kama yule wa michoro yao ya zamani, ya wakati walipomuona twiga wakadhani ni qilin, mnyama wao wa heri, shingo imepinda, macho ya upole, magamba karibu. Mzuri, ila si mkono wa Malindi hata chembe. Aliniambia aliziangalia zile bakuli akaona hakuna chake ndani, wazo la mtu mwengine, gurudumu la mtu mwengine, brashi ya mtu mwengine.

Hapo akarudi kwenye ile mistari yake michache ya mwanzo. Akachukua udongo wa kaure akaanza kupandisha chetezo kwa kamba. Ikapasuka. Nyengine ikapasuka. Kila maungio ya kamba yalifunguka yakikauka, na zilizokauka salama zililala upande motoni, manake kaure ikifika karibu digrii 1300 inalegea kabla haijakaza, na inasinyaa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hivo kosa lolote dogo la mkono linatokea waziwazi.

WhatsApp haifanyi kazi kule, kwa hivo jirani mmoja kijana pale Ganda ndie aliemuwekea mama WeChat kwenye simu yake. China iko mbele yetu kwa saa tano, mama alikuwa anapigiwa asubuhi kabla hajakwenda shamba. Voisi ya mama nimeisikiliza, aliniruhusu. Anasema: "Mwanangu, udongo huo ni wa mafuta ama ni wa kukatika? Uviringe kama kidole, uukunje. Ukipasuka mgongoni hauna nguvu huo, ni mzuri wa sura tu. Mbona hutii vigae? Twanga vigae utie, usiwe mkaidi." Kimya kidogo halafu, "Umekula?"

Vigae. Huku kila mfinyanzi anajua, unatwanga chungu kilichovunjika unatia unga wake na punje zake kwenye udongo mpya ili upumue, ukauke sawa, usipasuke. Na yeye alikuwa na chungu cha mamake kwenye kanga. Akatwanga, akatia, akafanya vipande vya majaribio, akapeleka jokoni. Hapa lazima niseme alifanya vizuri kuviweka vipande hivo juu ya kigae kipana cha akiba, visiguse shelfu, manake udongo wa Sabaki kwa moto ule hausimami, unayeyuka, na ungeharibu shelfu na vyombo vya watu.

Joko likafunguliwa. Zile punje nyekundu za Ganda zilikuwa zimeyeyuka zikatoka juu kwa glezi kama madoa meusi na hudhurungi, mengine yamevuja chini kidogo yakaacha mkia, na pembeni ya kila doa kuna duara jembamba la rangi ya asali. Shifu wa glezi alipitisha kidole juu yake akatikisa kichwa. Ieleweke, kwa mji huo chuma ni adui, wanapitisha sumaku kwenye uji wa udongo ili doa moja lisibaki. Kwake ile ilikuwa kasoro tupu. Kwa dada yetu ilikuwa chungu cha mamake kimeingia ndani ya kaure na kinaonekana, na hakuna aliekichora.

Kutoka hapo kazi ikatembea. Akagundua punje za Sabaki zikizidi chombo kinavimba vipele, kwa hivo nguvu ya udongo akaitafuta kwengine, akatwanga kaure yenyewe. Alianza na vigae vilivyochomwa hadi mwisho, mji umejaa hivo, vikamkata viganja manake ni kama kioo. Shifu mwengine, mzee wa kuunga mitungi mikubwa, akamuona na damu mikononi akamletea mabaki yaliyochomwa moto mdogo tu, laini, yanatwangika. Mzee huyo huyo akamfundisha kitu kilichompindua kichwa: wao mitungi mikubwa wanaiunga vipande vikiwa vimeshakauka kabisa, kwa uji mzito wa udongo, wakati sisi tunafundishwa tangu utotoni kwamba udongo unaungwa ungali maji. Alijaribu njia zote mbili. Ya mzee ilishinda kwa shingo na vitako, ya mama ilishinda kwa tumbo la chombo. Mwisho wa miezi mitatu alikuwa na vyetezo vyeupe vyenye madoa, mitungi midogo michache iliyosimama wima, na sanduku la vipande vya majaribio vimeandikwa nyuma kwa penseli ya kuchomea: kipimo gani, moto gani, siku gani.

Msimamizi wa kituo akaja kuangalia maonyesho akauliza bakuli ziko wapi.

Sasa tuhukumu. Barua ya makubaliano nimeisoma, na kwa haki ya kituo, imeandikwa wazi: msanii atatoa kazi kumi na mbili "kama zilivyoelezwa kwenye mpango." Wao walishawaambia wafadhili wao kuhusu twiga, picha ya twiga ilishachapishwa kwenye mwaliko. Mtu anaesema kituo kilikuwa na karatasi mkononi hajakosea. Na yeye alipobadilisha kazi alisema kwa mdomo tu, kwa mkalimani, mbele ya chai, na msimamizi akaitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa si ushahidi wa kuuweka mezani baadaye.

Lakini mimi lawama yangu kubwa iko kwa jopo, na siwezi kuilainisha. Kwenye jopo walikuwako watu wa kaure. Walipewa picha za kazi zake, vyungu vya kamba, hakuna mstari mmoja wa brashi. Mtu yeyote anaejua udongo angeuliza, huyu atachoraje bakuli kumi na mbili kwa miezi mitatu kwa njia inayohitaji miaka? Hawakuuliza manake hawakuwa wanachagua mfinyanzi, walikuwa wanachagua hadithi itakayotembea na mtu wa kuibeba. Kila mara mtu wa pwani akiomba kitu Uchina ni lazima aje na twiga, kama kwamba tangu 1415 hatujafanya kitu. Na mwanamke wa Ganda anaejua kupandisha mtungi bila gurudumu mpaka kuta zikawa sawa pande zote anaonekana hana la kuleta hadi apambwe na mfalme. Hii inaniuma.

Na kama ningekuwa karibu ningemwambia vitu viwili tu. Kwanza ile sentensi ya bakuli kumi na mbili ingeandikwa "nitajaribu" na si "nitatoa," na idadi isiwekwe kabisa, vituo vingi vinakubali manake wanajua kazi ya udongo ilivo. Pili wiki ile bakuli zilipokwama angetuma barua fupi ya maandishi, hata mistari mitano, mpango unabadilika hivi na hivi kwa sababu hii, naomba mjibu. Wangekataa angejua mapema, wangekubali posho isingeshikwa.

Kuna la kalibu pia, ile chapa ya plasta ya kumiminia udongo, nalo limepita kimya kimya. Fundi wa plasta alimtengenezea kalibu ya chetezo chake ili ajaribu kumimina, kalibu ikabaki kule, na barua haisemi neno juu ya kalibu. Kenya tuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, lakini haiwezi kumfikia mtu wa karakana Jingdezhen akiamua kumimina vyetezo vya umbo la Ganda. Nimemshauri aandike kuomba kalibu ivunjwe na atumiwe video. Ameandika. Wamejibu kwa heshima kwamba watalitazama, hadi leo hawajalitazama.

Posho ililipwa baadae, pungufu, baada ya kukubali kuwaachia vyetezo viwili zaidi ya walivokubaliana. Vyengine viko kule kwa rafiki, gharama ya kuvisafirisha ni zaidi ya bei yake sokoni. Alichorudi nacho mkononi ni lile sanduku la vipande vya majaribio, na uwanja wa ndege walimfungulia wakamuuliza ni nini akasema ni kazi.

Saa hizi yuko Ganda na mamake wanachanganya udongo wa Sabaki na kaolini kidogo, udongo mweupe, inayochimbwa bara, wakitafuta mchanganyiko utakaovumilia joko la gesi la moto wa kati, manake digrii 1300 hapa gesi yake hainunuliki. Binti anataka kila kitu kipimwe kwa mizani na kuandikwa. Mama anapima kwa kopo la Kimbo na hataki kusikia habari ya mizani, anasema kopo halijawahi kumdanganya. Wamekubaliana hivi: mama anajaza kopo, binti anapima kopo, na majaribio ya kwanza yanachomwa makumbi yakishakauka.